Nazi za vitumbua zilivyonipa bustani uani

Mimi ni mama vitumbua wa Makorora, hapa Tanga. Usiku naloweka mchele, alfajiri nakuna nazi sita, na Ijumaa nane. Nazi nazinunua kwa kijana anayezileta kutoka Pangani zikiwa hazijafuliwa, maana nazi yenye kumbi lake hukaa muda mrefu bila kuharibika na bei yake ina unafuu. Piga hesabu mwenyewe: kwa mwezi ni makumbi ya nazi karibu mia mbili. Yalijaa nyuma ya choo mpaka panya wakahamia na ukoo wao. Marehemu mume wangu alikuwa akirudi jioni ananiuliza, "Leo zimeshusha mzigo meli ngapi?"

Sasa ni mwaka wa tisa sijatupa hata kumbi moja. Mboga nyingi za nyumbani kwangu zinatoka uani, mafuta ya kupaka na ya kupikia nayakamua mwenyewe, na dukani naenda kwa chumvi, sukari na kiberiti. Wanaopita kununua vitumbua huchungulia ugani wakauliza nafanyaje. Nitaeleza kwa kufuata nazi yenyewe, kuanzia nje kuingia ndani.

Makumbi

Bibi yangu alikuwa mtu wa Moa, kule pwani ya Mkinga. Wanawake wa kule walikuwa wakifukia makumbi kwenye tope la ufukweni, miezi inapita, kisha wanayafukua na kuyaponda kwa mti mpaka wapate usumba wa kusokotea kamba. Kwa hiyo tangu utotoni nilijua kumbi ni kaidi, halikubali kuoza upesi. Kwa kamba hiyo ni sifa, na kwa bustani pia, kwa sababu kumbi hufyonza maji na kuyashika kama sifongo, halafu huyaachia mizizi kidogo kidogo.

Ila mwaka wa kwanza niliharibu. Nilikatakata makumbi makavu, nikayachanganya na udongo, nikapanda miche ya nyanya siku ileile. Wiki ya pili majani yalikuwa manjano, kingo zimekauka kama zimepitishwa motoni. Mzee mmoja mkulima, mteja wangu wa vitumbua vinne na chai ya rangi, aliitazama miche akaniuliza neno moja tu: "Uliyaloweka?" Sikuwa nimeyaloweka.

Kumbi lina chumvi na lina ile rangi yake kali, na vyote viwili havipatani na mche mchanga. Likitoka kwenye mnazi ulioota karibu na bahari, chumvi huzidi. Fanya hivi: katakata kwa panga vipande vya ukubwa wa kidole, tia kwenye pipa, jaza maji. Kesho yake utakuta maji yamekuwa kama chai iliyokolea. Yamwage njiani, mahali usipopanda kitu. Jaza mengine. Mimi hurudia mara nne au tano, mpaka maji yabaki karibu meupe. Hapo yakamue, yaanike, yako tayari.

Kiroba

Uwa wangu ni mdogo, hatua kumi kwa saba, na nusu yake ni kamba za nguo na banda la kuku. Kwa hiyo sikuchimba matuta, nilisimamisha viroba. Chukua mfuko wa salfeti wa kilo 50 au 100 uliokuwa na mchele, unga au sukari. Uliobeba dawa za shambani usiuguse, hata ukiufua mara saba.

Udongo wangu ni debe tatu za udongo wa kawaida, debe mbili za mboji, na debe moja ya makumbi yaliyolowekwa. Chini kabisa tandaza makumbi mapana bila kuyakata, unene wa viganja viwili. Halafu tafuta kopo kubwa la maziwa ya unga, likate matako ili liwe wazi pande zote, lisimamishe katikati na ulijaze kokoto. Jaza udongo kulizunguka. Udongo ukifika usawa wa mdomo wa kopo, livute juu taratibu, kokoto zitabaki zimesimama kama nguzo, kisha jaza kokoto nyingine na udongo mwingine. Endelea hivyo mpaka juu. Nguzo hiyo ndiyo njia ya maji. Bila hiyo, maji yote huishia juu, na miche ya ubavuni hufa kwa kiu huku wewe unaamini umemwagilia.

Acha kiroba kitulie siku mbili tatu baada ya kukishindilia maji, kisha toboa matundu ubavuni kwa kisu, shubiri moja kutoka tundu hadi tundu, na yasifuatane wima, yapishane kama matofali ya ukuta. Kila tundu mche mmoja. Ubavuni napanda mchicha na chainizi, juu napanda nyanya mbili au pilipili mbuzi. Matembele usiyaweke kwenye kiroba kimoja na mchicha, yatatawala kila kitu. Yape kiroba chao. Hayo hayahitaji mbegu, kata tu kipande cha shina chenye vifundo vinne, zika viwili.

Mchicha utaanza kuuchuma baada ya wiki tatu au nne. Chuma majani ya pembeni, usiung'oe, nao utakuhudumia kwa wiki kadhaa.

Jambo moja sikuambiwa na mtu: jua letu hula salfeti. Viroba vyangu vya kwanza vilikaa juani kutwa, mwaka haujaisha vikaanza kuchanika nyuzinyuzi na kumwaga udongo, na nyuzi zile za plastiki kuziokota ni kazi ya mwezi mzima. Siku hizi nimevihamishia upande wa ukuta unaopata jua la asubuhi tu, na ubavu unaotazama magharibi nauzungushia kuti.

Machicha na mboji

Ukishakamua tui, yanabaki machicha. Kuku wangu hupata konzi mbili asubuhi, mengine huenda kwenye mboji. Ila machicha yana mafuta, ukiyamwaga rundo moja yanachacha, yananuka, na siafu watakuja na bendera. Yasambaze membamba na uyafunike papo hapo kwa majani makavu.

Mboji naijenga kivulini, chini ya mwembe wa jirani ambao matawi yake yamevuka ukuta (maembe yake, dodo, tunagawana, hilo halina ugomvi). Chini vijiti na makuti makavu ili hewa ipite. Juu yake majani mabichi na maganda ya jikoni, kisha machicha, kisha samadi ya kuku, kisha udongo kidogo, halafu unaanza upya. Kila tabaka nyunyiza maji. Rundo likifika kiunoni, chomeka fimbo ndefu mpaka katikati, funika kwa makuti.

Fimbo hiyo ndiyo daktari wako. Baada ya siku kama tano ichomoe uishike. Ikiwa ya moto na ina unyevunyevu, kazi inaendelea. Ikitoka kavu yenye ukungu mweupe, rundo lina kiu, ongeza maji. Ikitoka baridi, imelowa na inanuka kama mtaro, maji yamezidi na hewa hakuna, lipindue uchanganye majani makavu. Mimi hulipindua kila baada ya wiki tatu. Miezi mitatu ikipita huwezi kutambua ganda la ndizi wala chicha, unashika kitu cheusi kinachonukia kama ardhi iliyopata mvua ya kwanza ya vuli.

Samadi mbichi ya kuku usiipeleke moja kwa moja kwenye miche. Inaunguza. Niliwahi kuua chainizi 30 kwa asubuhi moja kwa haraka zangu.

Vifuu

Vifuu ni moto. Vichache naviwasha hivyohivyo jikoni, vingine nafanya mkaa: nawasha vichache kwenye debe la bati, vikishika naongeza vingine, moshi mzito ukipungua nafunika kwa bati na kuziba kingo kwa tope, sifunui mpaka kesho yake. Fanya nje, sehemu ya wazi, na jiko la mkaa usilale nalo chumbani, hewa yake huua bila kutoa harufu. Majivu ya vifuu yana potasiamu, nanyunyiza konzi moja kuzunguka nyanya mara moja kwa mwezi, si zaidi.

Wadudu

Vidukari hupenda mchicha kuliko mimi. Dawa yao iko juu ya mti uliojaa mji mzima: mwarobaini. Watu wengi hutwanga majani, nayo yanasaidia, lakini nguvu kubwa iko kwenye mbegu. Okota matunda yaliyoiva na kuanguka, menya, osha, anika mbegu kivulini. Nusu kilo ya mbegu kavu itwange, iloweke kwenye lita 10 za maji usiku kucha, chuja kwa kitambaa, kwangulia sabuni ya kipande kidogo ili dawa ishike kwenye jani. Nyunyiza jioni, kwa sababu jua huiua nguvu, na upige zaidi chini ya majani, ndiko vidukari walikojificha. Rudia kila wiki. Siku chache kabla ya kuchuma acha kupiga, na mboga uioshe vizuri, la sivyo mchuzi wako utakuwa shubiri.

Sufuriani

Mchicha wa nazi ni chakula cha dakika kumi na tano, na wengi huuharibu mwishoni. Osha mboga kabla ya kukata. Kaanga kitunguu, tia nyanya moja, tia tui jepesi la mkamuo wa pili, likichemka weka mchicha. Ukilainika tu, mimina kasimele, yaani tui zito la kwanza, punguza moto na ukoroge bila kuacha, tena usifunike. Ukiondoka kwenda kujibu simu utarudi ukute tui limekatika, mafuta mbali, maji mbali. Usitie magadi, mboga changa ya uani haihitaji.

Mafuta

Hii ndiyo kazi ninayoifanya Jumapili, siku nisiyouza. Nachukua nazi 12 zilizokomaa. Kila moja naitikisa sikioni nisikie maji, na nikiivunja nainusa. Wahenga walisema nazi mbovu harabu ya nzima, na kwenye mafuta hii si methali tu, ni maelekezo: moja yenye harufu itanukisha chupa nzima.

Kuna kwa mbuzi (wa bara msishtuke, mbuzi huyu ni kibao chenye meno ya chuma), ukuna laini na usifike kwenye ngozi ya kahawia, maana hutia mafuta weusi. Mwagia maji ya vuguvugu, kanda kwa mikono kwa dakika chache, kamua kwa kifumbu. Rudia mara ya pili. Tui lote liweke kwenye chombo kipana, funika kwa kitambaa safi, liache usiku mzima. Asubuhi mtindi wake umepanda juu, maji yako chini. Teka ule wa juu kwa upawa, maji ya chini kaipe mboji.

Injika kwenye sufuria pana, moto wa wastani, koroga. Kwanza utachemka na kuruka kama uji. Kisha unakatika, na hapa unataka ukatike, unaona mabonge meupe yanaelea kwenye mafuta. Sasa tega sikio. Maji yakiwa bado yamo, sufuria hupiga kelele, pwata pwata. Yakipungua, sauti huwa ndogo, kama mvua nyepesi juu ya makuti. Ikinyamaza kabisa na mabonge yamekuwa na rangi ya chapati iliyoiva, epua wakati huohuo. Ukichelewa kidogo tu mafuta yananuka moshi, na harufu hiyo haitoki.

Chuja kwa kitambaa cha pamba. Mabaki ya kahawia ni mashata, nyunyizia sukari, wajukuu wangu huyagombania yakiwa bado ya moto. Mafuta yaache yatulie siku mbili, yamimine kwenye chupa iliyokauka kabisa, tone moja la maji litayavundisha. Nazi 12 nono hunipa kati ya robo tatu ya lita na lita moja.

Wateja wangu wa mafuta hunirudishia chupa mwezi wa Julai, baridi ya kusi ikiingia, wakisema nimewauzia samli. Mafuta ya nazi huganda hali ya hewa ikishuka kama nyuzi 24 hivi, nayo asubuhi za Julai hapa Tanga hufika huko. Iweke chupa dirishani penye jua, ukimaliza kunywa chai utaikuta imeyeyuka.