Kuomba Nafasi ya Udaktari: Tazama Hospitali Kabla ya Chuo

Mwanafunzi aliyepata A katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, na anayetaka kuwa daktari huulizwa swali lile lile na kila mgeni anayekuja kumpa pongezi: utaenda chuo gani? Mimi, ninayefundisha Kemia hapa Kisumu na ambaye kila mwaka huketi na watahiniwa wetu wakijaza maombi, humwuliza atajifunzia katika hospitali ipi. Shahada ya Tiba na Upasuaji, yaani MBChB, huchukua miaka sita nchini Kenya. Miaka ya mwanzo hupita darasani na maabarani, lakini sehemu kubwa ya miaka inayobaki hupita wodini, mbele ya mgonjwa, na baada ya kuhitimu kuna mwaka mwingine wa uanagenzi hospitalini kabla ya kupewa leseni kamili.

Mkazi wa magharibi mwa Kenya hana sababu ya kudhani kwamba udaktari husomewa Nairobi pekee. Chuo Kikuu cha Moi kina shule ya tiba mjini Eldoret, ambayo wanafunzi wake hujifunza katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Shule hiyo inajulikana kwa mtindo wake wa kufundisha kupitia visa vya wagonjwa vinavyojadiliwa katika vikundi vidogo, na kwa kuwapeleka wanafunzi vijijini kuishi na kufanya kazi katika vituo vya afya. Aliyezoea kuandikiwa kila kitu ubaoni hupata taabu mwanzoni. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Maseno hutumia Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu, ambayo wazee wetu bado wanaiita Russia kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti. Egerton ina makao yake makuu Njoro, lakini kitivo chake cha afya kiko Nakuru mjini na mafunzo ya wodini hufanyika katika hospitali ya kaunti ambayo watu wa Nakuru hawajaacha kuiita PGH, jina lake la zamani la hospitali ya mkoa. Masinde Muliro iko Kakamega, Kisii ina chuo chake na hospitali yake ya rufaa, na Uzima, chuo cha Kanisa Katoliki, kiko Kisumu.

Kabla ya kuorodhesha majina hayo kwa mpangilio wa sifa ulizosikia, tembelea angalau hospitali mbili. Nenda asubuhi ya siku ya kazi, ukae kwenye benchi la wagonjwa wa nje kwa saa moja, kisha umtafute mwanafunzi wa mwaka wa nne au wa tano, ambaye utamtambua kwa koti jeupe fupi na daftari dogo lililojaa mfukoni. Mwulize wako wangapi wanapomzunguka mgonjwa mmoja, kwa maana kikundi cha watu ishirini humwacha aliye nyuma akitazama migongo ya wenzake. Mwulize pia ni daktari bingwa anayewafundisha wodini au ni msajili, yaani daktari ambaye bado anasomea ubingwa, aliye na kazi zake nyingine, na kama darasa lililomtangulia lilimaliza kwa wakati. Swali hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa kuwa mgomo wa madaktari wa 2016 hadi 2017 uliendelea kwa siku 100 na ule wa 2024 kwa siku 56, na migomo ya wahadhiri nayo huongezeka juu ya hiyo. Mzazi anayepanga karo ya miaka sita na apange ya saba pia.

Hatua inayofuata ni fupi lakini haina mbadala. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, ndilo linalokagua shule za tiba na kuziidhinisha. Thibitisha kutoka kwa baraza lenyewe kwamba shule unayoitaka imeidhinishwa kwa MBChB, kwa sababu chuo kuwa na kibali cha kufundisha kozi nyingine za afya hakumaanishi kwamba kina kibali cha kufundisha udaktari.

Sasa tuingie katika hesabu, mahali ambapo watu wengi hujikwaa. Masomo yanayotazamwa ni manne, yanayoitwa klasta: Biolojia, Kemia, somo moja kati ya Hisabati na Fizikia, na moja kati ya Kiingereza na Kiswahili. Kiwango cha chini kinachowekwa kwenye karatasi ni kimoja, na ushindani halisi ni kingine kilicho juu zaidi, kwa hiyo usijipime kwa kiwango cha chini. Pointi za klasta, ambazo upeo wake ni 48, huunganisha alama zako za masomo manne ya klasta, ambayo kila moja lina pointi 12 zikiwa A, na jumla ya masomo saba yenye upeo wa pointi 84. Kwa kanuni ya msingi, unagawa pointi zako za masomo manne kwa 48, unagawa jumla yako kwa 84, unazidisha majibu hayo mawili, unatafuta kipeo cha pili chake, kisha unazidisha kwa 48.

Chukua wanafunzi wawili. Wa kwanza ana A katika masomo sita na B, yenye pointi 9, katika Kemia, hivyo jumla yake ni 81, wastani wake ni A, na pointi zake za masomo manne ni 45. Wa pili ana A katika masomo yote manne ya klasta, lakini masomo yake mengine matatu yalimpa 29 tu, hivyo jumla yake ni 77 na wastani wake ni A-. Kwa kanuni hiyo, wa kwanza anapata takriban 45.64 na wa pili 45.96. Kijiji kizima kitamshangilia yule wa kwanza, ilhali wa pili ndiye aliye mbele katika foleni ya udaktari. Takwimu za mwisho ni zile ambazo mfumo wa KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi nafasi vyuoni, utakuonyesha ukiingia kwa nambari yako ya mtihani, na karibu na kila kozi utaona pia pointi za mtu wa mwisho aliyechukuliwa mwaka uliotangulia. Zitazame kama dalili, kwa kuwa hupanda na kushuka kulingana na walioomba.

Mfumo hukupa nafasi kadhaa za kuchagua, nawe unapaswa kuzipanga kwa kushuka. Weka mwanzoni shule ya tiba unayoitamani zaidi, kisha nyingine ambayo pointi zake za mwaka uliopita ziko chini kidogo ya zako, na katika nafasi za mwisho weka kozi ambayo una hakika ya kuipata na ambayo hutaichukia, kama vile famasia, uuguzi au sayansi ya maabara ya tiba. Kujaza nafasi zote kwa udaktari wa vyuo vikubwa ni kucheza kamari na mwaka mzima wa maisha yako.

Jaza mwenyewe. Miaka michache iliyopita msichana niliyemfundisha aliingia saiba moja, duka la intaneti, huko Kondele siku ya mwisho, foleni ikiwa imefika mlangoni, na mhudumu akamjazia upesi upesi bila kumwonyesha kioo cha kompyuta. Aliposoma karatasi iliyochapishwa, akiwa tayari kwenye matatu, aliona kwamba nafasi ya kwanza ilikuwa ya shahada ya utabibu wa kliniki, ambayo humtoa mtu akiwa afisa wa kliniki, si daktari. Majina yanafanana sana kwa mtu mwenye haraka. Alishuka na kurudi kurekebisha. Kila kozi katika kila chuo ina nambari yake ya pekee, nawe uisome tarakimu moja moja kabla ya kuthibitisha.

Kupangiwa nafasi hakukuletei pesa. Tangu mfumo mpya wa ufadhili ulipoanza 2023, mwanafunzi huomba ufadhili wa serikali na mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, kando na ombi la nafasi, na familia huwekwa katika kundi kulingana na uwezo wake. Omba mapema, ujaze hali ya nyumbani kwa ukweli na uhifadhi vielelezo, kisha utafute basari ya kaunti na ya NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge. Anayeingia kwa kujilipia mwenyewe, katika chuo cha umma au cha kibinafsi, na aombe karatasi ya karo ya miaka yote sita, pamoja na ada za hospitali na malazi.

Kuhusu kusomea nje, Uganda iko karibu. Busitema, kwa mfano, ina kitivo chake cha afya Mbale, na shahada yao ni ya miaka mitano. Hata hivyo, mfumo wao umejengwa juu ya kidato cha sita, kwa hiyo mwenye KCSE aulize kwa maandishi jinsi cheti chake kitakavyolinganishwa kabla hajalipa chochote. Uliza pia KMPDC kama aliyesomea nchi unayoitaka hulazimika kufanya mtihani wake kabla ya uanagenzi. Binamu yangu alimpa wakala mmoja amana ya nafasi ya udaktari katika nchi ya mbali, na ndipo alipogundua kwamba mwaka wa kwanza mzima ungekuwa wa kujifunza lugha ya nchi hiyo, na kwamba amana hairudishwi. Tangu siku hiyo familia yetu huandikia chuo chenyewe.

Ukikosa udaktari, bado unaweza kuomba uhamisho kupitia KUCCPS dirisha la uhamisho linapofunguliwa, mradi pointi zako zifikie za kozi unayoitaka na chuo kiwe na nafasi. Wengine huchagua diploma ya utabibu wa kliniki katika KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, chenye kampasi Kisumu, Nakuru, Kakamega na Eldoret. Hiyo ni kazi kamili yenye heshima yake, na anayeiingia akidhani ni njia ya mkato ya kufikia MBChB atashangaa kukuta miaka sita ile ile ikimngoja.