Jinsi ya Kutafuta Chanzo cha Ganzi ya Miguu na Mikono

Anza kwa kutazama mahali ganzi ilipoanzia. Ikiwa ilianzia kwenye vidole vya miguu yote miwili na kupanda taratibu kuelekea magotini, mfano wa soksi zisizovulika, ugonjwa wa kwanza wa kushuku ni kisukari. Basi pima sukari ya damu kabla ya kununua dawa yoyote ya mishipa ya fahamu. Kisha pitia dawa unazotumia: isoniazidi ya kifua kikuu hupunguza vitamini B6 mwilini, ndiyo maana hutolewa pamoja na piridoksini, yaani vitamini B6 yenyewe, na metformini ya kisukari ikitumiwa miaka mingi huweza kushusha vitamini B12. Usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe. Pombe nyingi nayo huharibu mishipa ya fahamu, ingawa wengi hawapendi kulitaja hilo mbele ya daktari.

Ganzi ya kidole gumba na viwili vinavyofuata, inayozidi usiku, mara nyingi hutokana na mshipa wa fahamu kubanwa kwenye kifundo cha mkono. Baka la ngozi lisilohisi mguso huelekeza kwenye ukoma, ambao bado upo na unatibika. Udhaifu unaopanda haraka kutoka miguuni, hasa siku au wiki chache baada ya kuhara, ni dharura: nenda hospitali siku hiyohiyo, kwani misuli ya kupumulia inaweza kulegea.