Kabla ya Kwenda Kameido Tenjin: Bahati Ina Siku Yake, na Maua Yana Yake

Ukipanga kutembelea hekalu la Kishinto la Kameido Tenjin, mashariki mwa Tokyo, anza na kalenda kabla hujagusa jambo lingine lolote. Hekalu hili linasifika kwa bahati na kwa maua, na wageni wengi hudhani safari moja itawapa vyote viwili. Siku kuu ya bahati huangukia Januari 24 na 25, wakati vichanja vinavyobeba maua ya kutambaa ni vijiti vitupu. Maua ya ume, jamii ya plamu, huchanua Februari hadi mwanzoni mwa Machi. Maua ya fuji, yaani mtambaazi wenye vichala virefu vya zambarau (hauhusiani na mlima), hutoka Aprili. Maonyesho ya maua ya kiku, yaani krisanthemumu, huanza mwishoni mwa Oktoba na kuingia Novemba. Atakayekwenda Agosti atakuta joto kali, bwawa na kobe wake.

Anayeabudiwa hapa ni Sugawara no Michizane, msomi na mshairi aliyeishi kati ya mwaka 845 na 903, ambaye Wajapani humwomba katika mambo ya elimu. Hekalu lilijengwa mwaka 1662 kwa kufuata mpangilio wa hekalu kuu la Dazaifu huko Kyushu. Majengo ya zamani yaliteketea katika mashambulizi ya mabomu ya mwaka 1945, kwa hiyo usitafute mbao za karne ya 17. Cha kale kilichobaki ni mpangilio wenyewe, yaani bwawa, madaraja na vichanja vya fuji, kama mchoraji Hiroshige alivyouchora mwaka 1856.

Kama unafuata bahati, lenga zile siku mbili za Januari. Huitwa Usokae, na ibada hiyo ilianza hapa mwaka 1820. Watu hurudisha kinyago cha mbao cha ndege mdogo aitwaye uso, neno ambalo kwa Kijapani pia ni uongo, walichochukua mwaka uliopita na kununua kipya, kwa imani kwamba mabaya ya mwaka uliokwisha hugeuka uongo na mema huchukua nafasi yake. Vinyago vina ukubwa tofauti, na bei hupanda kadiri ya ukubwa. Tatizo ni foleni. Watu hujipanga tangu asubuhi, na anayefika mchana huenda akakuta ukubwa anaoutaka umekwisha. Nenda mapema, vaa nguo nzito kwa kuwa utasimama nje kwenye baridi ya Januari, na beba pesa taslimu. Usiyekuwa na kinyago cha zamani huzuiwi kununua kipya. Mwezi huohuo ndio wa mitihani ya kuingia vyuo vikuu, kwa hiyo utakuta mbao za maombi za wanafunzi zimening'inizwa tabaka juu ya tabaka. Zisome ukipenda, lakini usiziguse, na usipige picha ya karibu inayoonyesha jina la mtu.

Fuji inahitaji hesabu zaidi, na hapa ndipo wengi hukosea. Miongozo ya zamani hutaja mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei, ambapo Wajapani huwa na mfululizo wa sikukuu. Miaka ya karibuni Machi ikiwa na joto, maua hutangulia, na anayesubiri sikukuu hizo hukuta petali chini. Kilele hudumu takriban wiki moja tu, na mvua kubwa au upepo hukifupisha. Usiamue tarehe miezi mitatu kabla. Acha nafasi ya siku kadhaa katika ratiba, kisha fuatilia taarifa za hekalu kuhusu kiwango cha uchanuaji.

Ukifika, tazama kichala kimoja kwa karibu. Ua la fuji hufunguka kuanzia juu, kwenye shina la kichala, na kushuka taratibu hadi nchani. Ncha ikiwa bado na vitumba vidogo vya zambarau iliyokolea, umefika wakati mzuri. Ncha ikishafunguka yote, sehemu ya juu huwa imeanza kupauka na harufu yake imepungua. Utaona pia nyuki wakubwa weusi wenye manyoya ya njano kifuani wakielea mbele ya uso wako. Wale wanaoelea sehemu moja ni madume na hawana mwiba. Jike huweza kuuma akishikwa, kwa hiyo waambie watoto wasikamate yeyote. Mwenye mzio wa nyuki abebe dawa yake.

Kufika si kazi. Panda treni ya njano ya JR Sobu hadi stesheni ya Kameido, ambayo ni ya nne kutoka Akihabara, kisha tembea kama dakika 15. Kiingilio hakuna. Wakati wa fuji, nenda asubuhi ya siku ya kazi, au jioni taa zinapowashwa na vichala kuonekana majini. Mchana wa Jumapili utasukumana tu.

Baada ya lango la torii utakutana na madaraja yaliyo kwenye mstari mmoja. La kwanza na la mwisho ni mekundu na yamepinda kama mgongo wa ngamia, na la katikati ni tambarare. Husemwa yanawakilisha yaliyopita, yaliyopo na yajayo. Mteremko wake ni mkali na huteleza mvua ikinyesha, hivyo vaa viatu vyenye soli ya kushika. Mwenye kiti cha magurudumu, gari la mtoto au magoti mabovu apite pembeni mwa bwawa. Juu ya daraja ndipo picha nzuri zinapopatikana, na ndipo msongamano unapozaliwa. Piga picha zako mbili au tatu, ushuke.

Kwenye maji ya kunawia, shika kata kwa mkono wa kulia unawe wa kushoto, badilisha unawe wa kulia, kisha mimina maji kiganjani usukutue. Kata isiguse mdomo. Mwishoni isimamishe ili maji yaliyobaki yasafishe mpini. Mbele ya jumba kuu, tumbukiza sarafu (wengi hutoa ya yen 5), inama mara mbili, piga makofi mawili, omba kimya, inama tena mara moja. Mgeni Mwislamu au Mkristo asiyetaka kuabudu halazimiki. Asimame kando bila kuziba njia, na hakuna atakayemuuliza. Karibu na hapo kuna sanamu ya ng'ombe, ambayo watu hupapasa wakiomba afya na akili.

Weka akiba ya sarafu za yen 100 kwa karatasi za kubashiri bahati. Ukipata yenye ubashiri mbaya, ifunge mahali palipotengwa, kamwe si kwenye tawi la mti wa maua, kwa sababu hujeruhi machipukizi. Hirizi ya mtihani haifunguliwi, na desturi ni kuirudisha baada ya mwaka mmoja. Kama unaishi nje ya Japani na hutaweza kuirudisha, fikiria hilo kabla ya kununua kumi za kugawia ndugu.

Jirani na hekalu ipo Funabashiya, duka lililofunguliwa mwaka 1805, linalouza kuzumochi. Hiki ni kitamutamu laini cha wanga wa ngano uliochachushwa zaidi ya mwaka, huliwa na unga wa soya na shira nyeusi. Asiyekula ngano asikiguse. Hakikai zaidi ya siku chache, kwa hiyo kile hapohapo badala ya kukifunga kwenye sanduku la safari.