Somo: Kuokoa kanda za ukumbi wa taarab

Tanga, mji uliotupa vikundi vya taarab vya Black Star na Lucky Star, bado una nyumba zenye maboksi ya kaseti zilizorekodiwa ukumbini, na unyevu wa pwani unazila taratibu. Kama umekabidhiwa boksi la namna hiyo, anza hivi.

1. Usicheze kitu kwanza. Piga picha kaseti na jalada lake pande zote, uipe namba. Vunja vijino viwili vya mgongoni, asije mtu akarekodi mawaidha juu ya taarab.

2. Chungulia utepe. Ukiona unga mweupe, hiyo ni kuvu: itenge, usiitie kwenye deki (mashine ya kuchezea kaseti), itachafua na zinazofuata.

3. Safisha hedi, kile kichwa cha deki kinachosoma utepe, kwa pamba na spiriti. Peleka kaseti mbele hadi mwisho, irudishe, ndipo ucheze. Sauti ikitoka kama imefunikwa blanketi, zungusha kidogo kidogo skrubu iliyo kando ya hedi mpaka fidla zing'ae. Rudia kwa kila kaseti, maana kila moja ilirekodiwa kwa mashine yake.

4. Ingiza kwenye kompyuta kwa WAV, faili lisilobana sauti, biti 24, kilohezi 48. Saa moja ya stirio hula kama GB 1. MP3 ni ya kurushiana WhatsApp tu. Acha nafasi juu kwenye kipimo cha sauti: vigelegele hupanda ghafla kumshinda mwimbaji.

5. Usikate! Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mshereheshaji anayetaja wageni, ala zikitiwa sawa, kelele za wanaokwenda kutunza: huo ndio ukumbi wenyewe. Mkitaka wimbo mtupu, utoeni kwenye nakala ya pembeni. Kisha wasikilizishe wazee, muandike nani anaimba na nani yuko kwenye ganuni. Kazi hii haisubiri, deki inaweza kungoja.

6. Nakala tatu, moja ikae nyumba nyingine. Kaseti zenyewe msitupe.

MASWALI

Mwanachama, Ngamiani: Shikamoo mwalimu. Utepe umekatika, niunge kwa selotepu?

Marahaba. Hapana, gundi yake huvuja na kunasa mkunjo wa juu yake. Ipo tepu maalumu ya kuungia kanda. Ibandike upande usiogusa hedi.

Mwanachama, Makorora: Nikimaliza naweza kupandisha YouTube?

Kuwa na kaseti hakukupi haki ya wimbo. Mtunzi na waimbaji wanalindwa na sheria ya hakimiliki ya 1999. Waone wao au warithi wao, na ukikwama waulize COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania.

Mwanachama, Pangani: Sina deki. Niweke simu mbele ya spika?

Utarekodi na jogoo wa jirani. Redio kaseti yenye tundu la hedifoni inatosha kuanzia, pamoja na waya na kadi ndogo ya sauti ya USB. Ila kadi nyingi za bei poa zina tundu la maikrofoni tu, si la laini, yaani la kupokea sauti kutoka mashine nyingine. Uliza kabla hujalipa.