Somo: Kujiandaa na kipimo cha macho kwa anayetaka urubani jeshini

Mwangaluka wote. Jeshi likitangaza nafasi tu, chumba changu cha kupimia macho hapa Mwanza hujaa vijana. Wengi wamekulia Pasiansi na Ilemela, ndege zinapita juu ya paa la kwao tangu wadogo, na swali lao ni moja: "Dokta, nifanye nini nifaulu macho?" Huja siku tatu kabla ya usaili. Siku tatu hazitoshi, na inaniuma kumrudisha mtu ambaye angekuja miaka miwili nyuma tungemsaidia. Ndiyo maana naandika.

Hatua ya kwanza: pima mapema, ujue namba zako

Ukiwa kidato cha pili au cha tatu, nenda ukapimwe. Omba uandikiwe kila jicho peke yake, bila miwani na kwa miwani, na karatasi hiyo uitunze. Ukiandikiwa 6/12, maana yake herufi unayoisoma ukiwa mita 6, mwenye macho mazima anaisoma akiwa mita 12.

Kiwango cha kimataifa cha rubani wa ndege za abiria kinataka kila jicho lifike 6/9 na yote mawili kwa pamoja 6/6, hata kama ni kwa miwani. Majeshi huwa makali zaidi, kwa sababu yanaangalia pia unaona kiasi gani ukivua miwani. Soma masharti ya tangazo lenyewe la mwaka unaoomba. Usitegemee aliyoambiwa kaka yako miaka mitano iliyopita.

Hatua ya pili: usikunje macho

Kijana mmoja wa Igombe alinisomea ubao mpaka mstari wa 6/6 bila kukosea. Nikasogea nimtazame: kope zimebaki na upenyo mwembamba kama wa kitasa, na shavu linatetemeka. Nikamwambia, "Mwanangu, inua kidevu, fungua macho." Akaishia 6/18.

Hakuwa mwongo. Amefanya hivyo darasani tangu la tano bila kujua. Upenyo mdogo hupitisha miale ya katikati tu, picha inatulia kidogo. Lakini mpimaji wa jeshi ataliona hilo, na anaweza kukutilia matone yanayopanua mboni na kulegeza msuli wa lenzi. Hapo jicho haliwezi tena kujikaza. Siku ya matone nenda na mtu, usiendeshe pikipiki kurudi. Mwanga utakuumiza na maandishi ya karibu yanaweza kufifia mpaka kesho yake.

Hatua ya tatu: rangi

Hapa ndipo ndoto nyingi hukatikia, na ndipo watu hupima mwisho. Kitabu cha kurasa zenye madoa ya rangi kilitungwa na Shinobu Ishihara, daktari wa jeshi la Japani, na kikatoka mwaka 1917. Ukurasa wa kwanza una namba 12, na unasomwa hata na asiyetofautisha rangi, kwa hiyo usishangilie kwa huo. Wapo wanaokariri kurasa kwenye simu. Mpimaji huchanganya mpangilio, na vipo vipimo vingine vya taa ambavyo havikaririki.

Nawasihi msikariri. Simama Kamanga giza likiingia utazame kivuko kinakuja: taa nyekundu iko ubavu wake wa kushoto, ya kijani wa kulia. Mabawa ya ndege yana mpangilio huohuo. Ukiziona zote mbili, nyekundu ikiwa mkono wako wa kulia na kijani kushoto, chombo hicho kinakujia wewe. Kwenye viwanja vingi, kando ya njia ya kutua zipo taa nne: mbili nyeupe na mbili nyekundu, uko sawasawa, zote nyekundu, uko chini mno. Aliyekariri kitabu atazisomaje hizo usiku, mvua inanyesha juu ya ziwa?

Hatua ya nne: usiyaharibu uliyonayo

Jua, upepo na vumbi la mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, huleta kinyama cheupe kinachotambaa kutoka pembeni ya jicho kuelekea kwenye konea, yaani kile kioo cha mbele ya jicho. Kikifika mbali huvuta konea, na namba zako zinashuka. Vaa kofia pana na miwani ya jua, hasa kama unamsaidia mzee mtumbwini.

Kubwa kuliko yote ni matone ya kununua dukani bila kupimwa. Mtoto ana muwasho, anapewa dawa yenye steroidi, muwasho unakata, basi nyumba nzima inaitumia kila msimu. Dawa hiyo ikitumika muda mrefu bila uangalizi hupandisha presha ya jicho na huweza kuleta mtoto wa jicho. Nimeona kijana wa miaka 19 ambaye neva ya jicho moja imeshakufa kwa njia hiyo. Kilichokufa pale hakirudi. Kusugua macho nako acha. Huweza kuifanya konea ichongoke.

Vingine ni vifupi: watapima macho yanavyoshirikiana, unavyokadiria umbali, na presha ya jicho. Kama unavaa lenzi za machoni, ziache wiki kadhaa kabla, kwa muda utakaoelekezwa. Usiku wa kuamkia kipimo, lala.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo dokta. Nikimlisha mwanangu karoti na dagaa kwa wingi, ataacha miwani?*

Marahaba mama. Vitamini A humkinga na upofu wa usiku, na dagaa, maini na mchicha ni chakula kizuri. Lakini kutoona mbali kunatokana na umbo la jicho, chakula hakilibadilishi. Mwache acheze nje mchana. Watoto wanaokaa nje zaidi hupata tatizo hilo kwa uchache.

*Miwani si inalegeza macho? Nimeificha mwaka mzima.*

Hailegezi. Umesoma mwaka mzima kwa taabu bure, mdogo wangu. Ivae.

*Nikifanyiwa upasuaji wa leza nitakubaliwa?*

Inategemea jeshi na aina ya upasuaji. Jeshi la Anga la Marekani lilifungua mlango kwa LASIK, aina mojawapo ya upasuaji huo wa leza, mwaka 2007, kwa masharti. Kwingine kovu la konea linaweza kukutoa moja kwa moja. Uliza kwa maandishi kabla hujalipa, kwa sababu konea iliyokatwa hairudishwi.

*Dokta, nimekosa kurasa tisa za rangi. Mama analia, anasema kosa ni lake.*

Mwambie mama asijilaumu. Tatizo hili hupita kwenye kromosomu ya X. Mama hulibeba bila kujua, na yeye mwenyewe kwa kawaida anaona rangi zote. Halina tiba, na miwani ya rangi inayouzwa haitakupitisha. Usikimbilie ufundi wa umeme wa ndege kabla ya kuuliza, maana nyaya nazo hutofautishwa kwa rangi. Njoo Jumamosi na mama na matokeo yako ya kidato cha nne. Tukae watatu, tuzipitie kazi za jeshi moja moja tuone zipi hazidai rangi.