Namna ya Kuchagua Mahali Panapoufaa Mtini Kando ya Ziwa Victoria

Mtu anayetaka kupanda mtini uwanjani kwake hapa Mwanza kwa kawaida huanza kuulizia joto, ilhali joto ndilo jambo linalopaswa kumsumbua kidogo kuliko yote. Mtini wa tini za kula, ambao wataalamu wa mimea huuita Ficus carica, asili yake ni Asia ya Magharibi na nchi zinazoizunguka bahari ya Mediterania, ambako mvua hunyesha majira ya baridi na kiangazi huwa kirefu, chenye jua kali na hewa kavu. Mji wa Mwanza uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,140 kutoka usawa wa bahari. Mchana joto huwa kati ya nyuzi 27 na 30 za Selsiasi kwa sehemu kubwa ya mwaka, na usiku hushuka hadi kati ya 15 na 19. Mti hauwezi kulalamikia hali hiyo. Maelekezo yaliyoandikiwa wakulima wa Ulaya, ya kuufunika mti ili usiungue kwa jalidi, yaani baridi ya kugandisha, msomaji wa huku anaweza kuyaruka bila hasara yoyote.

Kinachoamua kama mti utazaa au utabaki pambo ni maji ya mbinguni: yananyesha miezi gani, na majani hukauka baada ya muda gani mvua ikishakatika. Adui mkubwa wa mtini katika nchi za joto lenye unyevu ni ugonjwa wa kutu, unaoletwa na kuvu, ambao huanza kama vidoa vidogo vya manjano, kisha upande wa chini wa jani hujaa unga wa rangi ya udongo, na hatimaye majani hupukutika kabla tini hazijaiva. Mti usio na majani hauwezi kutia sukari katika tunda. Mimi mwenyewe nilipanda mtini wa kwanza bondeni, jirani na matete, kwa kudhani kwamba ukaribu wa maji ni baraka. Ulipofika mwezi wa Mei haukuwa na jani hata moja, na vitini vyake vilikuwa vigumu kama kokwa.

Kwa hiyo ni vema kuanza kwa kuutazama upepo. Wakati wa kiangazi, kuanzia Juni, pepo zinazotawala huku hutoka upande wa mashariki na kusini-mashariki, na zinapofika Mwanza huwa zimepita juu ya nchi kavu ya Simiyu na Shinyanga. Zikishavuka ziwa huchota unyevu na kuumwaga upande wa pili. Ndiyo maana Bukoba hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, wakati Mwanza hupata kama nusu ya hizo. Ziwa ni moja, lakini pwani zake hazilingani: ya magharibi ni nchi ya migomba na kahawa, na mtini huko utaishi maisha ya kuumwaumwa, ilhali ya kusini na ya mashariki, kutoka Mwanza kupitia Magu hadi Musoma, ina kiangazi cha kutosha kuivisha tini. Hata ndani ya mkoa wa Mwanza kuna tofauti, kwani Ukerewe, iliyozungukwa na maji, hupata mvua nyingi kuliko Kwimba, na mkulima wa kisiwani atalazimika kuchagua kwa uangalifu zaidi kuliko mwenzake wa Ngudu.

Ukishajua kwamba eneo lako kwa jumla linafaa, pima kiwanja chenyewe. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa msimu wa vuli, yaani Oktoba hadi Desemba, na wa masika, yaani Machi hadi Mei, na huo utakupa picha ya jumla. Lakini umande wa uwanjani kwako hautabiriwi na mtu. Katika mwezi wa Aprili, siku ambayo mvua ilinyesha usiku, nenda mahali unapokusudia kupanda ifikapo saa tatu asubuhi, uyashike majani ya mimea iliyopo. Yakiwa yamekauka, mahali hapo pana jua la mapema na hewa inayotembea. Yakiwa bado yanachuruzika, tafuta pengine. Rudia kwa siku nne au tano, kwa sababu siku moja inaweza kukudanganya.

Mtini unataka jua la moja kwa moja kwa saa zisizopungua sita, na bora zaidi nane. Hapa kuna jambo ambalo vitabu vya kigeni huwapotosha watu: huambiwa wapande mbele ya ukuta unaotazama kusini, jambo lililo sahihi kwa mtu wa Uingereza. Sisi tuko karibu nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta, na katika miezi ya Juni na Julai, tini zinapotakiwa kuiva, jua la adhuhuri linakuwa upande wetu wa kaskazini. Mwembe mkubwa au nyumba ya ghorofa iliyo kaskazini mwa mti itauwekea kivuli wakati ule ule unapohitaji mwanga kuliko wakati wowote. Kwa hiyo upande huo uwe wazi, pamoja na upande wa mashariki unaoleta jua la kukausha umande.

Majabali ya Mwanza, ambayo wajenzi huyalaani, kwa mtini ni neema. Jabali hupata joto mchana na kulitoa usiku, hupunguza nafasi ya mizizi kutawanyika, na mtini uliobanwa mizizi kiasi huelekeza nguvu kwenye matunda kuliko kwenye matawi. Ila usiupande chini kabisa ya mteremko wa jabali, kwani maji yote ya mvua yanayoteleza juu yake yatakusanyika hapo. Sogea mita mbili au tatu pembeni, ambapo maji yanapita bila kutuama.

Udongo wa kichanga unaoitwa luseni na Wasukuma hupitisha maji vizuri, nao unafaa ukichanganywa na samadi iliyooza na kufunikwa matandazo, lakini ndani yake minyoo fundo, yaani minyoo midogo inayovimbisha mizizi, hustawi, hasa palipowahi kulimwa nyanya au bamia, na minyoo hiyo huipenda sana mizizi ya mtini. Udongo mweusi wa mbuga uachie mpunga. Kuhusu ukingo wa ziwa wenyewe, sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na waliouona mwaka 2020, ziwa lilipofurika hadi kwenye nyumba za watu, hawahitaji kukumbushwa kwamba mizizi iliyozama huoza.

Baridi ya kweli huulaza mti, na ikipita machipukizi yote huamka kwa pamoja, na huku hatuna baridi hiyo, kwa hiyo kalenda inabidi aipange mkulima kwa mkasi wa kupogolea. Matunda hutokea kwenye machipukizi mapya, na tangu kupogoa hadi kuvuna hupita takriban miezi minne hadi mitano. Ukipogoa katikati ya Februari, katika ule upenyo mfupi wa ukavu kati ya vuli na masika, machipukizi yatakua kwa mvua ya Machi na Aprili, na tini zitaiva kuanzia Julai, anga ikiwa safi. Wakati wa masika kagua majani kila juma na uyaokote na kuyachoma yenye kutu. Kuanzia Juni mwagilia kwa kipimo kisichobadilika, kwa sababu mti ulioachwa ukauke kisha ukanyweshwa kwa wingi hupasua matunda yake. Tini zitakazoiva wakati wa vuli nyingi zitachacha mtini.

Hali ya hewa nzuri haitasaidia iwapo aina iliyopandwa si sahihi. Mitini ya aina ya Smyrna haivishi tunda bila nyigu mdogo maalumu anayeleta chavua, na wakulima wa California walihangaika na matunda yanayodondoka hadi nyigu huyo alipoingizwa kwa mafanikio mwaka 1899. Nyigu wa mikuyu yetu, iliyo jamaa ya mtini, ni wa mikuyu tu, si wa mtini huu. Tafuta aina zinazozaa zenyewe, kama vile Brown Turkey au Kadota, na umuulize muuza miche kama mche umetokana na tawi la mti unaozaa. Mche uliotokana na mbegu ni bahati nasibu, na takriban nusu ya miche ya namna hiyo huwa madume, yasiyotoa tini za kula.

Iwapo bado unasita kati ya sehemu mbili, usichimbe shimo mwaka huu. Otesha pingili mbili za tawi moja, zenye urefu wa sentimita 20 hadi 30, uzihamishie kwenye ndoo za lita 20 zilizotobolewa chini, na uweke moja kila sehemu kabla ya masika. Mwisho wa Mei hesabu majani yaliyosalia kwenye kila mche, kisha chimba shimo la sentimita 60 kwa 60 pale palipobaki majani mengi.