Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua Matairi ya Gari Dogo la Porini na Lami

Jimny yangu, gari dogo la Suzuki la porini, ilipotoka bandarini Kilindini ilikuwa na matairi meusi ti, meno yamejaa, nikajiona nimebahatika: gari na matairi kwa bei moja. Niliyatumia miezi minne bila kuuliza. Siku nilipokanyaga msumari pale Mikindani, mzee wa pancha alilivingirisha tairi hadi kivulini, akafuta ubavu wake kwa kitambaa chenye mafuta, akasoma herufi moja moja: STUDLESS. Akanitazama. "Mwanangu, hili ni la theluji. Sisi huku barafu twaiona ndani ya glasi ya miwa."

Basi jambo la kwanza, kabla hata ya kuuliza bei ya matairi mapya, ni kusoma uliyonayo. Magari mengi ya mtumba tunayopokea yametoka Japani, na Japani kuna sehemu zenye baridi kali ambako watu hubadilisha matairi kila majira. Gari likinunuliwa huko wakati wa baridi, huja na viatu vya baridi. Raba ya tairi la theluji ni laini kwa makusudi, ili isikakamae kwenye baridi. Ukiipeleka kwenye lami ya Mombasa mwezi wa Februari inaisha kama kifutio, gari linayumba kwenye kona, na breki inashika mbele kuliko ulivyokusudia. Alama ya mlima wenye theluji peke yake isikutishe, maana matairi mengine mazuri ya barabara mchanganyiko huwa nayo. Neno la kutafuta ni hilo alilosoma mzee.

La pili ni hesabu, na hapa ndipo wengi huruka. Nilichukua daftari nikaandika safari zangu za mwezi mzima: Bombolulu hadi Shimanzi kila siku ya kazi, Mtwapa kwa wazee Jumapili, Likoni mara mbili, shambani ndani ya Kinango mara mbili. Nilikuwa nikijiita mtu wa porini. Daftari lilisema kwamba katika kila kilomita 10 ninazoendesha, karibu 9 ni lami, na ile moja iliyobaki ni udongo ambao kiangazi hata tuktuk inapita. Fanya hesabu hiyo kwanza, kwa kuwa muuza matairi hataifanya kwa niaba yako. Atakuuliza unataka tairi la aina gani, nawe utamjibu kwa macho.

Macho hupenda MT (mud terrain, tairi la tope). Ni yale yenye meno makubwa yaliyoachana, yanayolifanya gari dogo lionekane kama simba mdogo. Kazi yake ni tope na mawe, na kazi hiyo anaifanya vizuri: tope linaingia kati ya meno, gurudumu linazunguka, tope linarushwa nje. Lakini kwenye lami iliyolowa ni meno machache yanayogusa chini. Niliazimwa gari lenye MT nikaenda nalo Likoni asubuhi ya manyunyu. Nilipokuwa nashuka kwenye ile sahani ya chuma ya feri, yenye maji ya bahari na mafuta ya matatu, niligusa breki kidogo tu, na gari likateleza pima nzima kuelekea mama aliyebeba beseni la samaki. Hakuna aliyeumia. Mama alinitazama kwa namna ambayo siwezi kuisahau. Ongeza na mvumo wake: kutoka Mtwapa hadi Kilifi unasafiri na mzinga wa nyuki, na mafuta yanakwenda zaidi kwa injini ndogo ya 1300 au 1500.

Upande wa pili kuna HT, tairi la lami, kimya na jepesi, ambalo kwenye murram kavu linatosha kabisa. Mtu asiyetoka kisiwani ila kwenda Nyali na Diani hana sababu ya kununua jingine. Udhaifu wake unaonekana masika, ukiingia kwenye ule udongo mweusi unaonata: mifereji yake myembamba hujaa mara moja, tairi linakuwa kama limepakwa sabuni.

Katikati ndipo ilipo AT (all terrain, tairi la lami na porini), na kwa gari dogo linalokaa Mombasa na kwenda shamba, ndilo ninalolipendekeza bila kusita. Ila AT nazo si moja. Zipo zinazoelekea MT na zipo zinazoelekea HT. Tazama meno yake kwa karibu: yakiwa yamesogeleana, na kila jino lina mikato myembamba kama ya wembe, hilo litashika lami ya mvua. Mikato hiyo ndiyo inayopata mshiko pale maji yamebaki utando tu. Meno yakiwa makubwa, matupu, bila mikato, ujue unanunua sura.

Sasa saizi. Ubavuni utasoma kitu kama 195/80R15 96S, ambayo ndiyo saizi ya Jimny ya umbo jipya yenye injini ya 1500. Upana ni milimita 195, kimo cha ubavu ni asilimia 80 ya upana huo, R ni radial, yaani namna nyuzi za ndani zilivyolazwa, na rimu ni ya inchi 15. Hiyo 96 ni uzito ambao tairi moja linaweza kubeba, kilo 710, na S ni mwendo wa juu, kilomita 180 kwa saa. Usishuke chini ya namba ya uzito iliyokuja na gari. Umbo la zamani la 1300 huvaa 205/70R15, na zile ndogo za 660 zinazouzwa Japani huvaa 175/80R16, kwa hivyo usiagize kwa kusema "la Jimny" tu. Nimeona mtu amebebewa manne kwa bodaboda, kila moja inchi moja zaidi ya rimu zake.

Kuongeza saizi kunavutia, na kidogo si dhambi. Ukitoka 205/70R15 ukaenda 215/75R15, kipenyo kinaongezeka kama milimita 35. Gari litainuka nusu yake tu, milimita 18 hivi, upana wa kidole. Badala yake kila mzunguko wa gurudumu unakupeleka mbali zaidi kwa asilimia 5: mshale ukisema 80, mwendo umezidi kwa kilomita 4 ule uliokuwa ukiendesha zamani kwa mshale uleule. Gia nazo zinakuwa nzito, utaziona kwenye mlima wa Mazeras. Ukipanda zaidi, mpaka 235/75R15, tairi huweza kugusa matao ukikata kona, na spea ambayo huning'inia mlango wa nyuma inakuwa mzigo kwa bawaba. Mlango wa Jimny ukianza kushuka, wa kulaumiwa mara nyingi ni spea iliyozidi uzito.

Na ununue saizi moja kote, spea ikiwemo. Jimny haina difu ya kati. Ukishaingiza foo-wili, yaani magurudumu yote manne yakivutwa na injini, mbele na nyuma vimefungwa pamoja. Mbele ukiwa na tairi kipara na nyuma jipya, au saizi mbili tofauti, magurudumu yanataka kuzunguka kwa kasi tofauti na gia zinavutana zenyewe kwa zenyewe. Kwa sababu hiyohiyo foo-wili hiyo isitumike kwenye lami kavu. Mwenye uwezo anunue matano na kuyazungusha yote, spea ikiingia zamu, ili yazeeke pamoja.

Ubavu unastahili kuangaliwa kuliko watu wanavyouangalia. Huku pwani adui si mwiba tu. Njia za ndani upande wa Shimoni zimekaa juu ya jiwe la matumbawe, na jiwe hilo linatoka ardhini na makali kama ya chupa. Pancha ya uso wa tairi inazibwa kwa kamba, dakika 10 umeondoka. Ubavu ukichanika, hakuna kamba. Yapo matairi ambayo saizi yake huanza na herufi LT (light truck, ya magari ya mizigo), yenye ubavu mgumu, na duka litakusukumia hayo kwa jina la nguvu. Kwa gari lenye uzito wa tani moja na kidogo, mengi ya hayo ni mazito mno. Yanaruka kwenye mashimo, yanadai upepo mwingi zaidi, na mgongo wako ndio unaolipa. AT ya kawaida na dereva anayepunguza mwendo kwenye mawe wanatosha.

Umri wa tairi hausomwi kwa macho. Tafuta neno DOT, fuata mpaka mwisho wake uone tarakimu nne. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lisilowahi kugusa barabara bado linazeeka, na hapa kwetu maduka mengine huyapanga nje, yanapigwa jua na upepo wa chumvi kutwa. Mimi likiwa limezidi miaka miwili dukani, huomba jingine. Lililo garini likifika miaka sita, hata kama meno yapo, lichunguze kila mwaka, na likifika kumi litoke. Nyufa ndogondogo kama za tope lililokauka, karibu na rimu, ni dalili tosha.

Jihadhari pia na tairi lililochongwa. Kuna mafundi hodari wa kuchimba meno upya kwa kisu cha moto kwenye tairi kipara, kisha wanalipaka dawa likang'aa. Ingiza ukucha ndani ya mfereji. Mfereji wa kiwandani una vijiti vidogo vya raba chini yake, vimeinuka milimita 1.6, vya kuonyesha kwamba ukifika hapo tairi limekwisha. Mfereji uliochongwa hauna vijiti hivyo, na kuta zake hazilingani kina.

Upepo. Hapa nina neno na nyinyi, kwa sababu hapa tunaharibu matairi mapya ndani ya mwezi. Ukiingia kituo cha mafuta kijana anauliza, "Ngapi, boss?" na kila mtu, mwenye Probox na mwenye Jimny, anajibu 35. Fungua mlango wa dereva usome kibandiko kwenye nguzo. Kwa Jimny utakuta namba ya karibu 26 kwa kipimo cha psi. Ukijaza 35, tairi linasimama juu ya mstari wa katikati, meno ya kati yanaisha na ya pembeni yamebaki mapya, na gari linadunda kama mpira wa chandimu. Pima asubuhi, kabla hujatembea. Tairi lililotoka Voi mchana lina moto na geji itasoma juu. Ukilipunguza hapo, kesho asubuhi litakuwa chini.

Kwenye mchanga mzito, kama ule wa upande wa Mambrui, shusha mpaka 18, ukikwama 15. Tairi linalala, nyayo zake zinakuwa ndefu, na gari linapita juu ya mchanga badala ya kuchimba. (Ufuo wenyewe uache. Watamu na kwingineko kasa hutaga pale.) Lakini ukishashusha usikate kona kwa nguvu, ubavu utatoka kwenye rimu, na usirudi lami kabla ya kujaza. Kwa hivyo geji yako na pampu ndogo ya betri ni sehemu ya bei ya matairi. Asiye na pampu asishushe.

Siku ya kuyafunga, kaa hapo. Dai valvu mpya, ni pesa ndogo, na za zamani zimeliwa na chumvi. Dai balansi, gurudumu lizunguke bila kutetema, na alaimenti baada yake, magurudumu yaelekee sawa. Mtazame fundi anapofunga nati. Mashine ya upepo ikizikaza kupita kiasi, ule wepesi wa dukani unakuwa msiba wa njiani. Nilipata pancha njia ya kutoka shambani saa kumi na mbili jioni, jeki ipo, spea ipo, na nati ya nne ikakataa. Nilisimama juu ya spana kwa miguu miwili, nikaruka, spana ikajipinda. Aliyeniokoa ni dereva wa lori la mchanga aliyekuwa na bomba la chuma la kurefusha mkono. Tangu siku hiyo namwomba fundi amalizie kwa mkono, nami nafungua nati moja na kuifunga tena mbele yake kwa spana ya gari langu. Baada ya kilomita 50 hivi nazikaza tena zote.

Nyuma ya kiti nimeweka kipande cha ubao wa mvule, shibiri mbili kwa shibiri moja. Jeki ya gari hili ina kikanyagio kidogo kama kiganja cha mtoto, na kwenye mchanga inazama yenyewe kabla gurudumu halijainuka.